Kokoto za Sista

Mvua ilipokatika, Sharubati alipita mtaani kwetu na pikapu yake nyekundu, akaona gari la mpangaji limenasa kwenye tope uani kwa Sista, wanaume wamelizunguka wanasukuma. Mwingine angeona shida ya watu. Yeye aliona riziki inamkonyeza.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Lilitokana na utamu wa maneno yake, na sisi majirani, watu wazima wenye vyeti ukutani, tumeinywa sharubati hiyo zaidi ya mara moja.

Sista alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye nyumba, na mkono wake ulikuwa wa birika. Tamaa yake ilikuwa moja tu, ua ukauke ili mtaa mzima uegeshe magari pale kwa malipo. Kumwaga zege hakutaka, maana maji yangekosa pa kwenda yakamfuata sebuleni.

Sharubati akamweleza habari za vitofali vyenye matundu. Unavipanga chini, unajaza udongo kwenye matundu, unapanda nyasi. Mvua inazama ardhini, gari linakaa juu, ua unabaki kijani. Yote hayo yalikuwa kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu Sharubati huanzia kwenye kweli. Akaongeza kwamba chini kabisa lazima zishindiliwe kokoto nyingi. Sista hakuwa mtu wa kumkabidhi fundi hela, akazinunua mwenyewe, zikamwagwa mbele ya geti.

"Mama, hizi haziwezi kuingia chini hivihivi," Sharubati alisema, akiinusa kokoto moja. "Zina vumbi la machimboni. Litaunguza mizizi ya nyasi. Lazima zikaoshwe."

"Zinaoshwa wapi, mwanangu?"

"Pana mahali."

Zikaondoka na pikapu, safari baada ya safari. Sisi majirani tulisaidia kupakia, bure, tukijiona waungwana. Mmoja wetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa ndiye anayesimulia, alifagia hata zile chache zilizobaki, akazipakia.

Mahali penyewe palikuwa kwa mjenzi wa mtaa wa pili, aliyezinunua bila maswali. Uani kwa Sista ukaingia udongo mtupu, na juu yake kreti kuukuu za soda zilizokatwa matako na kupakwa rangi ya saruji. Nyasi zikaota, zikapendeza hadi tukaona wivu.

Siku ya kumaliziwa malipo, Sharubati alikuja amenyoa ndevu. Hata pikapu ilikuwa inang'aa. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake na duka lake, na mwenye nyumba wake akimchoka, ndiyo chumba chake cha kulala. Hakuwa na kingine duniani.

"Wewe ndiye fundi, mwanangu," Sista alimwambia. "Egesha la kwako kwanza. Mvua ikipita, nakumalizia chako."

Angefanyaje? Tulikuwa tumejaa getini, na kukataa kungekuwa kukiri. Akaingia polepole, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mvua ikanyesha. Kulipokucha pikapu ilikuwa imekalia tumbo, magurudumu yamezikwa, kreti zimepasuka vipande vipande.

Sharubati akaja na watu wa kuivuta kwa kamba. Wakamkuta Sista ameketi getini, mti wa ufagio magotini. Akaeleza kwa upole kwamba nyasi zilipoanza kuota aliuchoma mti ule ardhini, ukazama bila kugusa jiwe.

"Nimechoma watu sindano maisha yangu yote," alisema. "Najua ninapogonga mfupa. Hapa hapavutwi gari. Litatoka likiendeshwa, juu ya kokoto zangu. Na ziwe zimeoshwa."

Mjenzi akamuuzia Sharubati kokoto zilezile, kwa bei ya mtu aliyebanwa. Akaziosha ndani ya beseni, kiganja baada ya kiganja, Sista akizikagua kwa miwani na kumrudishia zenye vumbi.

"Mimi ni mjinga wa kujitakia," Sharubati alituambia, mikono imechubuka. "Ningesema zinaanikwa tu."

Akainua pikapu kwa jeki, akachimba, akashindilia, akapanga vitofali vya saruji vya kweli, akapanda nyasi upya. Siku pikapu iliposimama juu yake bila kuzama hata kidogo, aliizunguka na kuizunguka. Alikuwa anaona fahari, na fahari yenyewe ilimtia aibu.

Akiwa anatoka getini, mama wa nyumba ya mkabala, mwenye tope hadi mlangoni, akamsimamisha. Alitaka ua kama ule. Tukasogea, maana tulishaanza kuukosa utamu wa mdomo ule. Sharubati akaiangalia mikono yake.

"Mama, kazi hii ni kokoto," alisema. "Na kokoto hazioshwi."

Yule mama akarudi nyuma hatua moja.

"Za Sista zilioshwa. Nimeona kwa macho yangu. Mimi ndiye unayetaka kunipunja?"

Sharubati akatutazama sisi, akamtazama mama yule. Kisha akazima injini, akashuka, akaomba beseni.