Malalamiko Kuhusu Kukaa Tu Katika Gereji Yangu

Nahashon Nyakundi,
Fridley, Minnesota.

Kwa Mwenyekiti,
Vijana wa Indonesia, popote ulipo.

Mheshimiwa,

KUH: VIJANA WAKO KUKAA BILA AJENDA

Natumaini wewe na kamati yako kuu hamjambo. Jina lako silijui, na kila nikiwauliza vijana wako mwenyekiti wao ni nani wanacheka, lakini najua upo, maana hakuna watu duniani wanaoweza kuishi bila mwenyekiti. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu malalamiko yangu yakiwa kwa Kiingereza hukosa uzito. Binti yangu Kerubo atakutafsiria. Kiswahili anakisikia vizuri sana, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza, tena kwa uchache.

Kerubo anasomea uuguzi pamoja na vijana wako wawili, Wulan na Bagas. Tangu wafahamiane, kila Jumamosi wanashinda ndani ya gereji yangu wakifanya kitu mnachokiita nongkrong. Nimeelezwa kwamba maana yake ni kukaa tu. Hapo ndipo tulipokosana, na sababu zangu ni hizi:

1. Hakuna ajenda. Nilimwendea Wulan nikamuuliza kikao kinahusu nini. Akasimama, akachukua mkono wangu, akaugusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima ambayo watoto wetu hawana, halafu akaniambia hakihusu kitu. Jameni! Mheshimiwa, sisi Wakenya wa hapa hatukutani bure. Tunakutana kwa matanga, kwa maombi, kwa harambee, na kwa kamati ya kupanga harambee. Hata tulipoenda kuchoma mbuzi kule bustanini tulikuwa na mweka hazina na mtu wa kutoa neno la shukrani. Nyama ilipoa tukiwa bado kwenye kutambulisha wageni, lakini mambo yalikwenda kwa utaratibu.

2. Kahawa yenu. Ina maziwa, ina sukari inayofanana na sukari guru ya kwetu, na ina barafu. Barafu, mwezi wa pili, Minnesota! Nje kuna barafu ya kutosha kulizika gari langu, na kweli limezikwa, maana nililitoa gerejini ili wao wapate nafasi. Halafu kikombe kimoja kinanywewa mchana kutwa. Kwetu chai hunywewa ikiwa moto, umesimama, ufunguo wa gari uko mkononi.

3. Mitumba. Nilimpeleka Kerubo dukani nikamnunulia koti jipya. Amelitundika. Sasa anavaa koti la mzee fulani asiyejulikana, linamfika magotini, walilolichimbua yeye na Wulan kwenye duka la nguo kuukuu, na naambiwa ati ndivyo vijana wa mji wenu wa Bandung wanavyovaa siku hizi. Mheshimiwa, mimi nimevikwa na soko la Daraja Mbili, Kisii, tangu utotoni hadi siku ya kupanda ndege. Nimevuka bahari kuikimbia mitumba, na vijana wako wameirudisha mpaka kwangu, tena wanaipiga picha.

4. Ovataimu. Kerubo ana kazi ndogo ya kutunza wazee. Juzi mkubwa wake alimpigia simu kumpa shifti ya Jumamosi, akakataa. Hakuwa mgonjwa! Alisema anataka kupumzika na marafiki. Katika nyumba hii ovataimu haijawahi kukataliwa. Mke wangu Philister anarudi kutoka hospitali kule Saint Paul mimi nikitoka kwenda kiwandani Plymouth, tunapeana habari hapo mlangoni na kila mtu anashika njia yake. Ndoa yetu haina ugomvi kwa sababu haina nafasi ya ugomvi. Sasa msichana anafundishwa kwamba mtu anaweza kuwa na mchana mzima na asimuuzie yeyote.

5. Hili ndilo zito. Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni na mlango wa kwenda gerejini ulikuwa wazi kidogo. Nikasikia Kerubo analia. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ameanguka mtihani wa somo la dawa na anaogopa kurudi darasani. Bagas akaacha gitaa lake. Hakuna aliyempa ushauri, hakuna aliyemwekea mikono amwombee. Walikaa naye tu, mpaka nikamsikia anacheka. Mimi baba yake namuuliza kila siku masomo yanaendaje, na kila siku ananijibu "fine". Mimi ndiye niliyempakata kwenye ndege kumleta nchi hii. Kwa nini kijana wa gitaa ajue kabla yangu? Nimeumia, Mheshimiwa. Nimeona wivu, na sioni haya kuliandika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kikao kisajiliwe. Kichague katibu na mweka hazina, hata kama hazina yenyewe haipo. Kifunguliwe kwa maombi, na kila msemaji apewe dakika tatu. Siri zote ambazo Kerubo amewahi kuzitoa hapo ziandikwe na nakala iletwe kwangu. Kilio chochote kiahirishwe hadi mzazi afike. Na huyo mzazi awe mjumbe wa kudumu mwenye kiti chake, hata kama haruhusiwi kuzungumza. Msipotekeleza, nitalifukua gari langu na kulirudisha ndani.

Nisalimie kamati yako yote, wazazi wa Wulan na wa Bagas, na yule mama wa kwenu aliyewatumia vijana vile vitafunio vya kamba wa baharini. Nilivimaliza peke yangu. Philister naye anawasalimu, aliniambia hivyo akipita.

Ni mimi, mzazi mwenye gereji,
Nahashon Nyakundi

Tanbihi: Kerubo, hapa usimtafsirie mtu. Najua hakuna mwenyekiti. Nilitaka kukuandikia wewe, nikashindwa nianzie wapi. Mambo ya mtihani sitakuuliza, wala utaurudia lini. Jumamosi nimewaambia kazini siji. Nitakuja nikae na nyinyi. Ukitaka kuniambia kitu, sema kwa lugha yoyote, nitasikia. Usipotaka, mama, tukae tu hivyo hivyo.