Kibao cha Jumatano Kimeingia Nyumbani Kwangu

Kijiji cha Ujamaa Nandumbi,
Njia ya Mingoyo.
Jumatano, 14 Agosti 1974.

Kwa Ndugu Afisa Elimu wa Wilaya,
Lindi.

Ndugu Afisa Elimu,

Pokea salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni Abdurahmani Likwata, mkulima wa korosho na mhitimu wa kisomo cha watu wazima, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nasikitika kwamba ya kwanza tu imekuwa ya mashtaka. Namshtaki Mwalimu Rafaeli wa shule yetu. Ni mtu mzuri. Tatizo lake ni kwamba anafundisha Kiingereza na watoto wanakishika.

Labda hujui habari ya kibao. Shuleni kwetu Jumatano ni siku ya Kiingereza. Mwanafunzi akiteleza akasema Kiswahili au Kimwera, anavishwa shingoni kibao chenye kamba, wala hakivui mpaka amnase mwingine aliyeteleza. Atakayelala nacho, asubuhi anakipeleka kwa Mwalimu na kuomba radhi kwa Kiingereza. Watoto wengi wana akili: Jumatano hawasemi kitu. Bakary wa jirani amenyamaza tangu mwezi wa pili, na wazee wanamsifu kwa adabu. Wengine wanasema hiyo ni lugha ya mkoloni, tulishamfukuza, basi maneno yake yanabaki kufanya nini. Hao ndio watoto ninaowaelewa.

Binti yangu Kazija, wa darasa la saba, hayumo kwenye makundi hayo. Yeye anakipenda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao kimevuka mpaka wa shule. Kazija alirudi nacho nyumbani, akamnasa mama yangu mzazi akisema Kimwera jikoni, akamvisha. Mama alidhani ni zawadi. Alikwenda nacho kisimani, akakivaa kwenye hitima ya jirani, na ilibidi tumbembeleze ndipo akivue. Wanawake wa rika lake wanauliza vyao vinakuja lini.

2. Tangu hapo kila Jumatano Kazija anarudi nacho, na nashuku anateleza kwa makusudi. Kwa kuogopa kuvishwa, nyumba inakuwa kama imefiwa. Mke wangu akitaka chumvi ananyoosha kidole. Mimi nikitaka kugomba nangoja Alhamisi, na Alhamisi ikifika hasira imekwisha. Mwanamume atatawalaje nyumba yake kwa siku sita tu?

3. Mashine ya kusaga. Kijiji kilipata mashine pamoja na kitabu chake cha Kiingereza. Sisi wanakamati tulikaa na kitabu kile wiki tatu, tukajadili picha zote, tukapitisha azimio kwamba mashine ni mbovu. Kazija alipokuja kuniletea chakula akasoma ukurasa mmoja, akatuonyesha koki ya mafuta iliyokuwa imefungwa siku zote hizo. Mashine ikanguruma mchana uleule. Matokeo yake wanawake wameacha kutwanga, wamepata nafasi, na nafasi hiyo wanaitumia kuhudhuria mikutano yetu. Mwenyekiti naye akipita kwangu hanisalimii kwanza. Anauliza kama Kazija yupo.

4. Nilimwita nikamuuliza mtu mmoja anahitaji lugha ngapi. Akanijibu kwa heshima zote kwamba Kimwera ni cha bibi, Kiswahili ni cha watu wote, Kiarabu ni cha kusomea Kurani, Kiingereza ni cha mashine, na mdomoni bado pana nafasi. Ndugu Afisa, mimi nina lugha mbili na nusu na nimejaa.

5. Hili sikukusudia kuliandika. Mwalimu anasema Kazija atashinda mtihani na kuitwa sekondari, mbali, ambako kila siku ni Jumatano. Huko atapata maneno ambayo mimi sina. Atarudi likizo, atakaa nami barazani, na sitajua nimuulize nini. Ni mtoto wangu wa pekee na naogopa.

Kwa hayo yote, naomba umwondoe Kazija katika somo la Kiingereza kabla ya mtihani. Darasa libaki na Bakary, ambaye hana madhara.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani, dereva, na yule mzee wa mlangoni aliyenipa maji ya kunywa mwaka jana. Huku wote wazima, na mama anakusalimu sana.

Wako katika kulijenga Taifa,
Abdurahmani Likwata

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeificha chini ya mkeka. Kazija amefagia, ameiona, ameisoma yote, amenisahihishia herufi nne, kisha amenionyesha tarehe niliyoiandika juu. Anasema kuandika nako ni kusema. Alipofika namba tano alisogea karibu nami. Basi kibao ninacho shingoni. Mke wangu kafunga mdomo, na mama anakitaka lakini ameambiwa si zamu yake. Kesho asubuhi lazima nikipeleke kwa Mwalimu Rafaeli na kuomba radhi. Maneno ya kuombea ni matano. Kazija amekaa nami barazani tangu alasiri akinifundisha, hatujakaa pamoja muda mrefu hivi tangu awe mkubwa, na nimeshayashika matatu. Ombi la kumwondoa naomba lisishughulikiwe mpaka niyamalize haya mawili. Usiwe na haraka, Ndugu Afisa, kichwa changu ni kizito.