Nafasi ya Sita Kwenye Kifurushi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeahidi kitu ambacho sina. Si mara ya kwanza, lakini safari hii nimemwahidi Msimamizi.

Ilikuwa hivi. Mkataji wetu wa sare pale karakana ya ushonaji alistaafu Ijumaa, na meza ya kukatia iko wazi. Meza ile iko dirishani! Ina upepo! Mimi niko kwenye pasi mwaka wa nne huu, na mashati yangu yote yanajua. Anayeiwania nafasi hiyo pamoja nami ni mwenzangu wa pasi ya pili, tunayemwita Mvuke, mtu wa kujipendekeza asiye na haya. Asubuhi alimpelekea Msimamizi chai. Kwenye kisahani!

Mchana Msimamizi alikuwa anasikiliza dansi la zamani kwenye simu, kafumba macho. Katikati ya gitaa likaingia tangazo la dawa ya minyoo. Akang'aka. Akasema matangazo yatamuua kabla ya presha. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukamwambia nina kifurushi cha familia, muziki bila tangazo hata moja, nitamwingiza. Akafumbua macho. Akaniuliza hivi jina langu nani. Miaka minne! Kisha akauliza lini. Nikasema hata kesho, Mzee.

Tatizo: kifurushi kina nafasi sita na zote zimejaa. Niko mimi. Yuko mke wangu. Yuko binti yetu wa miaka kumi na minne, ambaye masikio yake sijayaona tangu mwaka jana kwa sababu ya visikilizio. Yuko shemeji, mdogo wake mke wangu, kinyozi, aliyekuja kukaa wiki mbili na sasa ana ufunguo wake. Yuko Mama yangu, tunayeishi naye. Na yuko Mama Mkwe. Masharti yanasema wote tuwe nyumba moja. Mama Mkwe anakaa mtaa wa pili, lakini ukisikia anavyotupangia sufuria utaapa hajawahi kutoka.

Mmoja lazima apungue. Nitaanza na shemeji.

Jumanne, 4 Juni

Kumtoa shemeji waziwazi haiwezekani. Dada yake angenihoji mpaka nikiri na makosa ya ujanani. Lazima aondoke mwenyewe, kwa hiari.

Shemeji akiingia kuoga hutumia dakika arobaini. Leo alipoanza tu kuimba bafuni, nilichukua simu yake (namba ya siri ni moja, moja, moja, moja) nikaweka nyimbo za kubembeleza watoto wachanga. Sauti chini kabisa. Moja baada ya nyingine. Programu hizi zinamkariri mtu. Ukisikiliza kitu mara kadhaa inaamini ndicho roho yako inachopenda. Kesho atafungua kibanda chake cha kunyolea, mbele ya wale wateja wenye vifua, atawasha muziki, na zitaanza nyimbo za kulaza vichanga. Ataaibika. Ataifuta programu. Mikono yangu misafi.

Kazini Msimamizi ameniuliza vipi ile kitu. Nimemwambia inashughulikiwa. Mvuke amemletea mto wa kukalia.

Jumatano, 5 Juni

Balaa!

Shemeji amerudi uso unang'aa. Anasema leo simu yenyewe imemchagulia nyimbo, na kuna katoto kanakopiga kelele kila kakiona mashine ya kunyolea, leo kametulia tuli mpaka kakasinzia kitini. Mama wa katoto kapiga simu kwa mashoga zake. Hadi jioni kibanda kilikuwa na foleni ya watoto. Anasema kumbe programu hii ina akili, na kwamba hataiacha mpaka anaingia kaburini. Kisha akanishukuru kwa kumweka kwenye kifurushi. Akanikumbatia.

Mke wangu hatoki, huyo simgusi. Binti akitolewa nyumba itawaka moto. Mama Mkwe ni Mama Mkwe.

Jioni Mama aliniomba nimkuzie maandishi kwenye simu yake. Nikakuza. Na kwa kuwa simu iko mkononi, nikachungulia anasikiliza nini. Wimbo mmoja! Miezi yote hii, wimbo mmoja tu, kila siku saa nne asubuhi, basi. Dansi la kabla sijazaliwa. Nafasi nzima ya mtu mzima kwa dakika tano za siku! Nikajiambia huu si ubinafsi, haya ni matumizi mazuri ya rasilimali.

Nikamtoa. Programu ikauliza nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Hata mashine ilisita.

Alhamisi, 6 Juni

Msimamizi ameingia! Amejiandikisha kwa jina la Mzee wa Dansi, na taarifa imekwenda kwenye simu za wote: Mzee wa Dansi amejiunga na familia yako. Mke wangu akataka kujua huyu ni nani na ni familia ya upande upi. Nikasema mtu wa kazini, mgonjwa kidogo, muziki ndiyo dawa yake. Mama Mkwe akapiga simu kuuliza kama ni mjane.

Mama hakuuliza kitu mpaka chakula cha jioni. Akasema simu yake haiimbi tangu asubuhi. Nikasema mtandao unasumbua. Akauliza utatengemaa lini. Nikasema hiyo iko juu ya kampuni. Akasema haya, mwanangu. Kisha akaifunga simu kwenye leso akaiweka kwenye droo ya vifungo na nyuzi.

Binti alikuwa ananitazama. Sijui alitazama nini.

Ila meza ya kukatia ni yangu. Kuanzia kesho! Msimamizi ametangaza mbele ya karakana nzima. Mvuke aliunguza kola.

Ijumaa, 7 Juni

Dirisha! Upepo! Nimepewa mkasi mkubwa na chaki mpya. Mvuke hakunisalimia hata kidogo, na nimeifurahia salamu hiyo kuliko zote.

Msimamizi ameleta spika, akawasha muziki wake usio na matangazo. Saa nne hivi akanyanyua mkono, cherehani zote zikasimama. Akasema tusikilize kwa makini. Wimbo wa zamani, mwanamume anaimba mbele, wasichana watatu wanaitikia nyuma. Akasema tumsikilize mmoja wa hao wasichana: kila kiitikio kinapofika, yeye huingia kabla ya wenzake, nukta tu, kama mtu aliyeshindwa kusubiri. Akasema amekuwa akijiuliza miaka arobaini huyu binti ni nani, maana hakuna palipoandikwa jina lake, na kwamba bila yeye wimbo huu ungekuwa wa kawaida tu.

Nikasogea kutazama jina la wimbo kwenye simu yake. Ndio ule wa Mama.

Nikarudi mezani, wimbo bado kichwani. Nilikuwa nakata mikono ya makoti, kitambaa chenye nje na ndani, na nilipokipanga nikasahau kukigeuza nusu. Makoti kumi na mawili. Mikono ishirini na minne, yote ya kushoto.

Nimeificha chini ya meza. Nitafikiria Jumatatu.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimeliona sikio la binti yangu.

Saa nne asubuhi nilipita mlangoni kwa Mama. Wamekaa kitandani, binti na bibi yake, simu ya binti katikati, kisikilizio kimoja sikio la huyu, kingine sikio la yule. Mama kafumba macho. Midomo yake inachezacheza. Na kwenye kiitikio akaingia kabla ya wakati. Nukta tu.

Nilisimama pale kama kitasa.

Binti ndiye aliyemwambia ukweli, tangu juzi. Kwamba mtandao ni mzima, na kwamba baba kamtoa ili amweke Mzee wa Dansi. Mama hakupandisha sauti. Heri angenifokea! Alisema anajua ni muziki tu, kinachomuuma si muziki. Kinachomuuma ni kwamba nilikaa nikahesabu watu sita, nikaona wa kupunguzwa ni yeye.

Nikasema Mama, ulikuwa unasikiliza wimbo mmoja tu. Akasema ndio, ule ndio alimo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kushona. Bendi ilikuwa inarekodi jirani na darasa lao, waitikiaji wao wakachelewa, wakaja kuomba wasichana watatu wenye sauti. Kazi ya mchana mmoja. Walipewa soda. Aliingia mapema kwa woga, alihofia atasahau, na yule mwenye mitambo akasema iachwe hivyohivyo, imependeza. Baba yake hakujua kamwe. Baba yangu hakujua. Hakumwambia mtu, maana siku zile msichana wa bendi alisemwa vibaya, na baadaye ikawa hakuna wa kumuuliza. Sasa saa nne, sisi wote tukishatoka na nyumba imenyamaza, huwa anamsikiliza yule msichana. Anasema anampenda. Anasema ni mwoga lakini aliimba.

Nimelia. Naandika kama ilivyo: nimelia mbele ya binti yangu, chaki ya kazini ikiwa bado mfukoni. Miaka arobaini na mbili naishi na mwanamke huyu, na sijawahi kumuuliza alikuwa nani kabla yangu.

Kisha akanipakulia chakula kama kawaida, na nyama kubwa akaniwekea mimi. Hiyo ndiyo imenimaliza.

Jumapili, 9 Juni

Nimemtoa Mzee wa Dansi. Programu ikauliza nina uhakika. Safari hii nilibonyeza kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Nikamrudisha Mama, nikaenda mwenyewe kuitoa simu kwenye leso. Akaniuliza kama mtandao umetengemaa. Nikasema umetengemaa, Mama. Akacheka. Mama akicheka ananiangalia pembeni, nami narudi kuwa na miaka sita.

Jumatatu, 10 Juni

Msimamizi alikuwa ananisubiri mlangoni. Mkono mmoja ameshika simu inayotangaza dawa ya minyoo. Mkono wa pili ameshika ile mikono ya makoti.

Nikaungama yote. Kifurushi, nafasi sita, Mama, saa nne, soda. Nilipofika pale pa kuingia mapema, aliketi juu ya robota la kitambaa. Kisha akasema kama nilimtoa yule binti ili kumweka yeye, basi afadhali asikilize minyoo maisha yake yote. Akauliza kwa heshima kabisa kama inawezekana aje kumwamkia Mama.

Nikasema hata leo. Nikauliza na meza ya kukatia je. Akaninyooshea pasi.

Amekuja saa kumi na moja, shati limepigwa pasi (na mimi). Alimwamkia Mama shikamoo akiwa bado kwenye ngazi. Wameusikiliza wimbo mara tatu. Mara ya nne Mama aliimba kabisa, kwa sauti, na akaingia mapema, na Msimamizi akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Shemeji alipiga makofi. Mama Mkwe, ambaye alikuja bila kualikwa, amesema na yeye zamani alikuwa na sauti.

Jumanne, 11 Juni

Niko kwenye pasi. Mvuke yuko dirishani, ananipungia chaki. Sijali. Nimepata somo, na ninaliandika hapa kwa herufi kubwa ili nisilisahau: MTU HAPIMWI KWA NYIMBO ANAZOSIKILIZA. Nimelipigia mstari. Mara mbili.

Mchana mtunza stoo alikuwa anasikiliza taarabu, likaingia tangazo la rangi za nyumba, akataka kuirusha simu. Huyu mtunza stoo ndiye anayegawa feni. Zimebaki mbili. Nimemwambia nina kifurushi cha familia. Akauliza lini. Nikasema hata kesho.

Nimechunguza. Mama Mkwe anasikiliza kipindi kimoja tu, cha mafundisho ya ndoa, tena ni mara moja kwa wiki. Hata hatagundua.