Mtihani Nilioufaulu Kwa Hasara

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la wazee wengi ni kwenda kupimwa bila kujiandaa. Mimi nimefundisha miaka thelathini na sita. Siingii kwenye mtihani kama kondoo. Mtoto wa jicho ameziba jicho langu la kulia, na la kushoto limeanza kuiga. Daktari bingwa amekuja zahanati. Wenye kadi ya wazee watapasuliwa bure wiki ijayo. Orodha inafungwa Alhamisi. Nimejiandikisha. Muuguzi alipotoka, nikasogeza pua hadi ukutani na kunakili kibao chote cha herufi. Karani mstaafu, jirani na mpinzani wangu tangu ujana, akauliza nanusa nini. Nikaficha karatasi mfukoni, nikaikariri usiku.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata zote. Muuguzi akasema, Babu, una macho ya kijana. Nikavimba kichwa. Kisha akaongeza kuwa wenye macho ya kijana hawapasuliwi. Karani alishindwa hata herufi kubwa ya juu kabisa. Yumo kwenye orodha. Akanipa pole, eti Mwalimu, kumbe hukujua kuna mitihani ya kufeli? Nyumbani mke wangu alizungumza na masufuria, kwa sauti ya kunifikia.

Jumatano, 6 Machi
Nimeomba kurudia mtihani. Mpango: kufeli. Lakini kufeli ovyo ni tabia ya wavivu. Hata kukosea kunataka utaratibu. Kila herufi, nilitaja inayoifuata katika alfabeti. Palipo na E, nikasema F. Nilikosa zote, bila kusita. Muuguzi akaweka kalamu chini. Akasema asiyeona hubahatisha walau moja. Anayekosa zote kwa mpangilio ule anaziona vizuri sana, na ana muda wa kuchezea. Akaandika jambo kwenye faili. Sikuweza kulisoma. Ningeweza, nisingekuwa pale.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi nililisalimia koti lililoning'inia mlangoni, nikidhani ni mgeni. Nikalikaripia kwa kutoitikia. Mke wangu akavaa viatu. Zahanati akapita foleni nzima, akamsimulia daktari kisa cha koti mbele za watu. Karani alicheka hadi fimbo ikamponyoka. Daktari akanimulika tochi mara moja tu. Akasema mtoto huyu amekomaa, anaonekana tangu getini, kibao cha nini? Nimeandikwa, wa mwisho. Nitapasuliwa Jumatatu, mradi mkojo wangu usionekane na sukari. Ukionekana nayo, nitasubiri bingwa arudi mwakani. Mwakani nitakuwa nasalimia hata viti.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepewa kichupa. Mke wangu anasema nijaze tu, kitakachotoka ndicho hicho. Maneno ya mtu asiyejua mitihani. Sukari yangu siijui, na mimi sibahatishi. Nimefanya uchunguzi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni mwembamba kama ufito, na anazidi kukonda bila kujinyima chochote. Hunywa maji ndoo nzima kwa siku, tena bado ana kiu. Chooni huenda kila nusu saa. Kibofu chenye bidii namna hiyo hakiwezi kuwa na kasoro. La kufanya leo, kabla zahanati haijafungwa: kumpelekea shemeji kichupa.