Mwalimu Mkuu Aliyefundishwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mwalimu mkuu anastaafu wiki ijayo. Makamu anapanda. Kiti cha umakamu kinabaki wazi, na miaka kumi na tisa ya kufundisha Kiingereza nimeivumilia kwa ajili ya kiti hicho. Mpinzani ni mmoja: mwalimu wa historia, tunayemwita Padri Nusu kwa sababu aliacha seminari mwaka wa mwisho. Mpole. Anapendwa. Simpendi. Bodi inataka kibao cha jiwe cha kumuaga mkuu. Nimejitolea kutunga maneno, tena kwa Kilatini. Mwenyekiti wa bodi alinitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza.

Jumanne, tarehe 4
Nimeazima kamusi. Kilatini ni Kiingereza kilichovaa joho. Nataka kusema: akiisha kufundisha miaka thelathini, anapumzika. Kiingereza kina neno la kazi hiyo, nusu kitenzi nusu kivumishi, popo wa sarufi. Kulifundisha kumeniotesha sugu ulimini. Nikatafuta "fundisha", nikashuka hadi umbo la wakati uliopita. DOCTUS ANNOS TRIGINTA QUIESCIT. Dakika nne. Mke wangu akasema nimwonyeshe Padri Nusu kwanza, kuuliza si ujinga. Nikamjibu kwamba adui hapewi kisu akinoe.

Alhamisi, tarehe 6
Fundi wa mawe amemaliza. Akanipa pole kwa msiba. Anasema neno lile la mwisho huwa analichonga makaburini tu. Nikamwambia ni lugha ya wasomi. Akasema sawa, mwalimu, akapangusa vumbi.

Jumatano, tarehe 12
Sherehe. Kitambaa kikaondolewa, makofi. Mwenyekiti akamwomba Padri Nusu, si mimi, awafasirie wazazi. Akasoma, akanitazama kwa huruma. Huruma hiyo sitamsamehe. Kisha akasema taratibu, "Aliyefundishwa miaka thelathini, anapumzika." Ukumbi mzima ulicheka. Mama mkwe wangu, mstari wa mbele, alifuta machozi kwa ushungi. Mkuu hakucheka.

Alhamisi, tarehe 13
Padri Nusu amenifuata ofisini kunieleza, bila kuombwa. Kiingereza, anasema, kina neno la aliyekwisha kufundisha na la aliyekwisha kufundishwa. Kilatini kina hilo la pili tu, ukitoa vitenzi vichache vikaidi. La kwanza ulizungukie: "alipokwisha kufundisha", sentensi nzima.
"Ni hiyo w tu, mwalimu mwenzangu," akasema. "Hata kwa Kiswahili ingekuumbua."
Miaka kumi na tisa, nimeangushwa na w. Saa nane tangazo likabandikwa. Makamu ni yeye.

Jumapili, tarehe 16
Nimetafakari. Kosa ni la Kilatini. Lugha isiyo na neno la mtu aliyekwisha kufundisha ilistahili kufa. Mwezi ujao tunafungua maktaba, na mlango wake unahitaji maneno. Nimeshamwandikia mwenyekiti. Safari hii ni Kigiriki. Padri Nusu hakijui, nimepeleleza. Mimi pia sikijui, lakini mimi nina kamusi.