Hoteli Hoteli Siera

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeita tena. Kimya. Nimeita mpaka koo limekauka kama chaki. Kimya kilekile.

Chumba cha klabu ya redio kiko nyuma ya maabara. Kina viti vingi na mimi. Mwaka jana tulikuwa tunagombea viti! Kisha ukaja mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, wengi wakaanguka, wakahamia mpira wa wavu. Tuliopata leseni ni wawili: mimi na Chiriku, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Sasa Chiriku naye amehamia klabu ya mdahalo. Alisema huko angalau mtu akisema, yupo wa kumjibu. Tangu siku hiyo hatusemezani. Yaani yeye husema, mimi sisikii.

Mashine ni mbili. Ya kusikilizia ina waya wake unaotokea dirishani, na inasikia dunia nzima. Wazee wanaulizana hali ya hewa. Mtu anacheka. Mwingine anamsimulia mwenzake habari za goti lake. Ya kurushia ina kebo inayopotelea nyuma ya kabati. Nabonyeza, naita, naachia, nasikiliza. Wanaendelea na goti.

Nimetafakari kisayansi, kama Mwalimu wa Fizikia alivyotufundisha kabla hajaenda masomoni: chunguza, kisia, hitimisha. Hitimisho: tatizo ni ishara yangu ya wito, yaani jina la mtu hewani. Mwanzo wake ni herufi za nchi na tarakimu, hizo haziguswi. Mwisho wake nilipangiwa tu na ofisi: HHS. Kwa matamshi ya hewani, kila herufi na neno lake, ni Hoteli Hoteli Siera. Mama alinisikia nikifanya mazoezi jikoni, akauliza kama nimeanza kupangisha vyumba. Kwa Morse, ile lugha ya milio ya nukta na vistari, ni nukta tupu, mfululizo, bila hata kistari kimoja cha kupumzikia. Kama mvua juu ya bati. Nani huijibu mvua?

Kumbe kanuni zinaruhusu mtu kuomba herufi anazozitaka mwenyewe! Nimeamua.

Jambo jema la leo: nyuma ya kabati kuna kopo kubwa la rangi ambalo hupata joto kila nikiita sana. Sijui kwa nini. Naweka chai yangu juu yake. Haipoi kabisa.

Chiriku alikuja mlangoni, akasema Mwalimu alimwachia ujumbe wa kunipa kuhusu kopo. Nikamjibu apeleke hoja yake mdahaloni. Akaanza tena. Nikainua mkono. Msichana haambiliki huyo! Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne, 6 Mei

Kuchagua jina si lelemama. Herufi zisizidi tatu. Nilianza na jina langu mwenyewe, nikalipunguza, likabaki kama la dawa ya kikohozi. Nikajaribu MIE. Mama akasema hilo ni la mtu anayebisha hodi usiku akiogopa mbwa.

Halafu likanijia: UPO!

Watu wakikutana njiani huulizana hivyo hivyo. Upo? Hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo akanyamaza. Hata asiyekupenda atasema nipo, kisha ajute. Hii ndiyo hila! Watajibu kabla hawajafikiri.

Nikafanya jaribio. Wakati wa mapumziko nilisimama mwisho wa korido, nikaita kwa sauti: Hoteli Hoteli Siera! Hakugeuka hata mmoja. Nikasubiri kidogo, nikaita: Upo! Mpishi wa shule akatoa kichwa dirishani.

"Nipo! Nani ananitaka?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba ni jaribio. Akasema hata yeye ana jaribio, la kuona mwanafunzi mmoja huosha masufuria mangapi kabla kengele haijalia. Nimeosha. Lakini matokeo ni wazi: jina jipya linajibiwa.

Chiriku alikuwa pale na watu wake wa mdahalo. Walicheka wote isipokuwa yeye. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatano, 7 Mei

Ofisi ya leseni. Sare niliipiga pasi mara mbili.

Karani ni mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fomu ina mahali pa kuandika sababu ya ombi. Nafasi yenyewe finyu! Nikaandika, ikaisha, nikapanda ukingoni, nikazunguka juu, nikateremka upande wa pili. Karani aliigeuza ile karatasi mikononi kama dereva anayepiga kona. Alipofika mwisho akaniangalia.

"Kwa hiyo, mwanangu, unataka watu wakujibu."

Nikasema huo ni muhtasari mzuri.

Utaratibu wao ni huu: jina lililoombwa hubandikwa kwenye ubao wa nje mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye pingamizi huandika na kutia katika sanduku lililo chini ya ubao. Nikauliza kama kweli kuna watu hupinga. Akacheka. Alisema wazee wa redio hugombania herufi nzuri kama kuku waliomwagiwa mtama. Mmoja aliwahi kuja na wakili!

Nimetoka pale natembea juu juu. Na mimi nitagombaniwa.

Nilikutana na Mama mlangoni, yeye anatoka, mimi naingia. Anafua mashuka hospitalini, zamu ya jioni mwezi huu. Tunapokezana ufunguo kama walinzi. Nikamwambia jina jipya. Akasema zuri sana, mama, chakula kiko kwenye sufuria, funga mlango. Ufunguo ulikuwa bado na joto la kiganja chake. Nikakaa nao mkononi kidogo kabla ya kuutundika.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuna aliyepinga.

Hakuna hata aliyesoma! Baada ya masomo nilisimama kando ya ubao mpaka ofisi ikafungwa. Bwana mmoja alisogea karibu kabisa. Nikanyoosha kola. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha ubao achane nywele.

Nimetafakari. Jina lisilogombaniwa na mtu ni jina lisilo na maana. Karani naye ataona hivyo hivyo. Basi kama wapinzani hawaji, wapikwe.

Nimejipinga.

Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane: "Napinga vikali. Herufi hizi ni nzuri kupita kiasi kupewa msichana mmoja, hata kama ana nidhamu, bidii na sauti safi." Nikatia sahihi: Mzee wa Mawimbi. Nikaitumbukiza sandukuni, nikaondoka kwa mwendo wa mtu asiyehusika.

Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mwenye adui. Raha iliyoje! Nimekula nikimfikiria. Naona ana kipara.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekamatwa.

Karani alituma mtu shuleni aniite. Nilipofika alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, sako kwa bako. Akasema ni ajabu kwamba Mzee wa Mawimbi naye, nafasi ikimwishia, hupanda ukingoni na kuteremka upande wa pili. Nikasema huenda ndiyo desturi ya wazee. Akaweka kidole juu ya karatasi, kulia. Hapo, kwa unadhifu niliofundishwa, nilikuwa nimeandika tarehe. Na chini ya tarehe, darasa langu.

Mazoea!

Nilingoja kufokewa. Hakufoka. Alivua miwani, akauliza nyumbani nakaa na nani. Nikasema na Mama, akiwa hayuko kazini. Akauliza rafiki je? Nikasema nina klabu. Akauliza ina wanachama wangapi. Nikasoma kalenda iliyokuwa nyuma yake.

 Kisha akafungua droo, akatoa muhuri.

"Ubao umetosha. UPO itaanza Jumatano, na HHS inafutwa siku hiyo hiyo. Haya, mwanangu. Na usijipinge tena. Wako wengi wa kukufanyia kazi hiyo."

Ushindi! Nimewahi mwisho wa mwezi. Hila ya mkono wa kushoto imefanya kazi, ingawa kwa kupitia mlango wa nyuma.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya mwisho ya HHS. Nilikwenda klabu kuiaga. Jina lilikuwa baya, lakini ndilo lililokuwa langu. Nikaweka chai juu ya kopo, nikaita. Wito kwa wote, wito kwa wote, hapa Hoteli Hoteli Siera. Kimya. Nikasema hata kwaheri. Kimya.

Chiriku akaingia bila hodi. Nikainua mkono. Akaupita mkono, akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati. Nikamwambia aache jiko langu.

"Jiko!" akapiga kelele. "Wewe! Si ndilo ninalotaka kukwambia siku zote hizi? Mwalimu alifunga kebo kwenye hilo kopo tufanye mazoezi bila kusumbua watu. Linameza kila kitu, linapata moto, basi. Alisema mkipata leseni, mhamishie kebo kwenye antena. Wewe umekaa hapa unachemsha chai kwa mdomo!"

Nikakaa chini. Salamu zangu zote. Jina langu, hali ya hewa ya kwetu, yale maswali niliyoyaandaa kwa mzee mwenye goti. Vyote vilikuwa humo koponi. Kilio cha samaki, machozi yaenda na maji.

Chiriku akafungua kebo, akaihamisha, akaikaza kwa vidole. Akasema niite. Nikasema siwezi. Akanisukuma bega kama zamani.

Nikaita.

Na mtu akajibu! Hoteli Hoteli Siera, nakusikia, karibu hewani, binti yangu. Maneno yote niliyofundishwa yakanitoka. Chiriku akaninong'oneza, jibu, jibu, mtu wa watu anasubiri! Nikasema shikamoo. Akaitikia.

Alikuwa fundi saa, sasa amestaafu. Yuko mbali, nchi nyingine. Alisema masikio yake yamechoka, sauti za watu humponyoka, ila Morse bado anaisikia kama zamani. Akaomba nimpigie jina langu kwa Morse. Nikapiga. Akacheka kwa furaha. Alisema ni jina zuri kupita yote aliyokutana nayo, kama mvua juu ya bati, hata akisinzia atalitambua. Nyumba yake ina kimya sana, alisema. Kesho baada ya masomo yangu ataniita yeye mwenyewe, kwa Morse. Je, nitakuwepo?

Nikasema nitakuwepo. Sijawahi kuitwa na mtu hewani maisha yangu yote.

Chiriku akanivuta sikio, akasema nimwambie sasa hivi kwamba kesho jina linabadilika. Nikamwambia asiharibu. Jambo zuri halitangazwi, linashtukiza. Tukaagana na mzee.

Chiriku akauliza kama anaweza kukaa. Nikasema viti havikosekani.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya UPO! Nilikimbia kutoka darasani.

Nimeita kwa sauti safi. Mashine ya kusikilizia ilikuwa inakwaruza, nikaipunguza sauti karibu yote ili nilisikie vizuri jina langu jipya. Yunifomu Papa Oska. Linapendeza mno. Nimeita. Nimeita tena. Hakuna aliyejibu.

Na chai imepoa! Kopo baridi kama jiwe.

Chunguza: jana nilikuwa HHS, nikajibiwa. Leo ni UPO, sijajibiwa. Kilichobadilika ni jina tu. Hitimisho: jina halifai. Na yule mzee amenisahau. Siku moja tu! Sikumlaumu, ni mtu mzima. Nimeumia kidogo, kisha kidogo tena.

Chiriku naye hanipi nafasi ya kufikiri. Amebandika sikio kwenye spika kama anayesikiliza majirani wakigombana. Ananivuta mkono wa sare. Anasema mvua, mvua! Nimechungulia dirishani. Jua kali. Sasa anagonga meza kwa kidole, nukta nukta nukta nukta, bila kupumzika, na ananikodolea macho. Nikamwomba kwa upole aache kunigongea meza, maana ninajaza fomu nyingine na mkono unayumba. Lolote alilo nalo, ataniambia nikimaliza.

Hakuondoka. Amevuta kiti, amekaa karibu yangu, bado anagonga.

Kesho nakwenda kwa karani. Safari hii naona NJO. Mtu akiambiwa njoo, atakosaje kuja?