Ufunguzi wa Maabara ya Mstari Mweupe

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa kamati, na wa kamati ndogo inayoisimamia kamati hiyo, wataalamu, wadau, wagonjwa mlioweza kusimama, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajue nimemsahau kimkakati. (Makofi.)

Leo tunazindua maabara ya kisasa, ya kidijitali na shirikishi, ambamo, kwa takwimu nilizoziandaa mwenyewe nikiwa garini, kingamwili za wananchi zitakutanishwa na antijeni za magonjwa kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne. Nimeelezwa kwamba viwili hivyo hutiwa katika vishimo vya sahani ya jeli, vikasogeleana polepole siku nzima, na vikifahamiana, hapo vinapokutana hutokea mstari mweupe; nami nauliza, kwa nini visiitiwe kikao? (Kicheko. Mtaalamu wa maabara hacheki.)

Kuhusu maneno anayoyaeneza mtaalamu huyu, nakiri kwamba jana nilikagua sahani zilizoletwa hapa kwa maonyesho kutoka maabara ya zamani, nikaona zina michirizi myeupe, na kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, nikaagiza zisuguliwe kwa sabuni mpaka zing'ae. Kumbe michirizi ndiyo majibu ya wagonjwa kumi na wanane. (Minong'ono.) Ningejuaje, ndugu zangu? Majibu ninayoyajua mimi huwa na mhuri.

(Mama mmoja anasimama. Mwanawe ana homa siku ya tisa, anataka majibu.)

Pole sana, mama yangu. Kipimo cha mwanao kitarudiwa leo leo, tena humu humu, awe wa kwanza kuhudumiwa. Keti. (Haketi. Anaufuata mlango uliofungwa utepe, anauzunguka.) Mama, usipite huko, huko ni awamu ya pili.

Kingamwili juu! Antijeni chini! (Anaitikia dereva wa mgeni rasmi peke yake.)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa namna ya pekee fundi seremala aliyetuazima mlango huu na fremu yake, ambao nitaukatia utepe bila kuufungua, maana umeegemezwa tu, na mwenyewe anauhitaji kabla ya saa kumi.

(Mama, kutoka nyuma ya mlango: "Huku ni nyasi tu. Mwanangu nimpeleke wapi?" Mtaalamu anakusanya sahani zake, anamwambia, "Twende kule kule maabara ya zamani, mama, nitaanza naye." Watu wanawafuata.)

Asanteni kwa kunisikiliza, na naomba mmoja wenu abaki anisaidie kushika mlango.